Mtama wa Kando ya Reli

Akina mama wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, walilima kila kipande kilichobaki kati ya nyumba na reli, kuelekea Makadara. Mahindi, sukuma wiki, na kwa waliotoka Nyanza, mistari michache ya mtama wa uji. Mbegu hazikununuliwa. Zilitoka ushago zimefungwa kwenye kitambaa, majirani wakagawiana.

Mama alikuwa na jicho. Alimwaga mtama kwenye uteo, akatupa punje zilizotobolewa na wadudu, akabakisha zilizonona. Ulimea vizuri, ukatupita kimo, ukatoa masuke. Hapo ndipo yalipojitokeza: pahali pa punje pamejaa vifuko vya kijivu. Ukikibonyeza kimoja kinapasuka, vidole vinakuwa vyeusi kama vya muuza makaa. Sisi watoto tulipakana usoni. Wakubwa wakasema ni mvua.

Haikuwa mvua. Ugonjwa ulisafiri na ile mbegu nono. Wakati wa kupura, vifuko vya suke gonjwa hupasuka, na vumbi lake, ambalo ni mbegu za kuvu, hushika punje safi za masuke mengine. Punje ikipandwa, kuvu huamka nayo, hupenya chipukizi na kupanda ndani ya shina, mmea ukiwa umestawi tu machoni pa watu hadi unapochanua. Suke likishikwa halikupi kitu: kumi katika mia yakiwa meusi, umepoteza karibu sehemu ya kumi ya mavuno. Dawa ya kupaka mbegu ilikuwapo, lakini nani angeinunulia mbegu aliyopewa bure na shangazi?

Siku hizi mbegu ya dukani huja imepakwa dawa, na rangi juu yake ili mtu asije akaipika, na tangu 1996 kuna KEPHIS ya kuikagua. Elimu imefika, shamba ndilo limeondoka. Tunanunua unga wa pakiti. Lakini kuvu inayotia mahindi sumu ya aflatoksini, iliyoua watu 125 mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, haimpaki mtu masizi. Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, liliposimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo, watu walikuwa wakigeuza pakiti dukani, wakikisia ugali wa jana ulikuwa wa unga upi.

Bado wapo Eastlands wanaonunua mahindi kwa gorogoro na kuyapeleka posho mili. Hao angalau huyachambua kwanza, na kutoa punje zenye ukungu hupunguza sumu, si haba, ingawa hakuimalizi.