Kutoka Dishi hadi Bando

Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa nauza muda kwenye intaneti kafe ya Kariakoo. Juu ya paa dishi la setilaiti, chini kompyuta kuukuu zikigombania njia moja nyembamba. Mwenye duka la vipuri akitaka kufungua oda yake ya Dubai, wengine wote wanaganda na kuanza kunong'ona. Mvua kubwa ikishuka, tunafunga mahesabu.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Bei zilipungua polepole. Waliowahi kupungua ni wateja wetu. Maduka yalivuta intaneti yao wenyewe, simu janja zikamalizia, na tajiri wangu akageuza chumba kuwa stoo ya vitenge. Alifanya la maana.

Kwetu Lushoto mambo yalikwenda kivingine. Shangazi yangu analima hoho na kabichi. Zamani bei aliipata kwa dalali aliyekuja na lori lake, na juu ya bei hiyo akafungiwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Mnara uliposimama, kilichomsaidia kwanza ni simu ya kitochi: anampigia binamu yangu aliyeko Dar aulizie bei Soko la Mabibo, ndipo anapatana na dalali. Intaneti ilichelewa, na ilipokuja ilikuja kwa bando. Hilo watu wa mjini hatulioni. Duka la Kariakoo linalipia faiba kwa mwezi, linarusha video za mzigo mpya kutwa nzima. Shangazi anapanda mpaka penye jabali mtandao ukamate, anatuma picha za hoho moja moja.

"Mwanangu, huyu mteja anataka video," aliniambia siku moja. "Ataninunulia yeye bando?"

Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, mjini ilikuwa kilio. Shangazi alirudi kwenye kupiga simu, akauza.

Lakini asisifiwe kwa hilo, maana hakuchagua. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umesaidia minara kusimama vijijini, na tunashukuru. Sasa wakubwa waufikirie na waya: faiba ifike angalau kwenye masoko na vyama vya ushirika vya wakulima, ilipiwe kwa mwezi kama Kariakoo.