Ukoga

Kiswahili kina neno ukoga, jina la utando unaojijenga juu ya meno yasiyosuguliwa. Kina ufizi, kina chonge, kina gego. Kina pia mswaki, neno lililotufikia kutoka Kiarabu, ambalo kwetu ni jina la mti, la kijiti chake, na la kifaa cha plastiki kinachouzwa madukani. Msamiati wa kinywa, basi, tunao. Tusichokuwa nacho ni mazoea ya kuutumia kwa paka.

Mazoea hayo nimeyapatia hapa Uingereza, ninakoishi na paka mzee niliyemchukua kwenye makao ya wanyama wasio na wenyewe. Paka mzima huwa na meno 30. Wangu alikuja na 26, manne yakiwa yamekwisha kung'olewa. Daktari wa wanyama alinieleza kwa maneno machache. Ukoga ni laini na huondoka kwa mswaki, lakini ukiachwa kwa siku chache, madini yaliyomo katika mate huugeuza kuwa gamba gumu. Hapo mswaki hauna kazi tena. Gamba hubanduliwa na daktari, mnyama akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Na ubaya haukomei kwenye kinachoonekana: maradhi huteremka chini ya ufizi, yakala mfupa unaolishika jino, mpaka likalegea.

Majuma ya kwanza sikutumia mswaki. Nilimgusa mdomo kwa kidole, kisha kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa laini, hata akazoea. Sasa kila usiku humwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba na kumsugua meno upande wa nje, hasa magego ya juu, ambako ukoga hukaa zaidi. Dawa yake ni ile ya wanyama, yenye ladha ya kuku, kwa kuwa paka hajui kusukutua wala kutema, na dawa ya meno ya binadamu haikutengenezwa ili imezwe.

Mama yangu, aliyeko Unguja, alicheka sana kwenye simu. "Mwanangu, na hawa paka wa sokoni nani anawapigisha mswaki?" Hoja yake ina uzito. Lakini paka wa sokoni hatuwaoni wakizeeka. Hutoweka, na mwingine akashika nafasi yake chini ya meza ya muuza samaki.

Paka ni hodari wa kuficha maumivu. Jino likimwuma huendelea kula, akitafunia upande mmoja au akimeza bila kutafuna. Ukimya wake ni ndugu wa "sijambo" yetu, jibu ambalo adabu imelitanguliza mbele ya ukweli. Mama naye, kila nimpigiapo simu, ni mzima wa afya. Nilipokwenda kumtazama mwaka jana, tukakaa mkekani kwa chakula cha mchana, nikaona anatafunia kushoto tu, na vipande vya pweza anavisogeza ukingoni mwa sinia. Nikamwomba afungue kinywa. Aliniambia sina haya, kisha akafungua. Gego la kulia lilikuwa likicheza, na ufizi wake umevimba. Kesho yake tulikwenda kwa daktari.

Kumjulia mtu hali na kuijua hali yake ni mambo mawili. Sisi tulioko ng'ambo tumebobea katika lile la kwanza.