Ndizi za Baba Mdogo

Nimeandika mara nyingi dhidi ya viongozi wanaomlaumu mwananchi kwa kila jambo: mkulima ni mvivu, machinga ni mkaidi, mzazi hajali elimu. Leo naandika kuhusu mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa kiongozi wa namna hiyo, nyumbani kwangu, dhidi ya baba yangu mdogo.

Baba mdogo ni Mhaya, mkulima wa kahawa, na ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Figo zake ziliposhindwa kazi tulimleta Dar es Salaam, akaanza kusafishwa damu kwa mashine. Siku ya kwanza tulipewa karatasi ya masharti ya chakula. Masharti hayo yana sababu za kweli. Figo zikishindwa, potasiamu hubaki katika damu, na ikizidi huweza kusimamisha moyo ghafla. Fosforasi nayo hudhoofisha mifupa na kuharibu mishipa. Hivyo karatasi ilikataza ndizi, maharage, parachichi, machungwa, madafu na dagaa, ikaweka na kikomo cha maji. Kwa mtu wa Kagera, karatasi hiyo ilikuwa imekataza chakula. Mlishe Mhaya wa rika lake sahani mbili za wali, kisha muulize kama amekula.

Haukupita muda akaanza kulalamikia tumbo: kichefuchefu kila asubuhi, kiungulia, ladha ya chuma mdomoni. Zahanati ya jirani ilimtoboa kidole na kipimo kikaonyesha Helicobacter pylori, bakteria ambaye Robin Warren na Barry Marshall walimtambua huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984 ili kuthibitisha kwamba huwasha tumbo, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Baba mdogo alipewa antibiotiki mbili pamoja na omeprazoli, kwa siku 14.

Baada ya miezi mitatu tumbo lilikuwa lile lile. Kikachukuliwa kipimo kile kile, kikatoa jibu lile lile.

"Mzee, hukumaliza dozi," mhudumu akamwambia.

"Nilimaliza," akajibu.

Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, nilimtazama mzee aliyenilea, nikaitazama karatasi, nikaamini karatasi.

Wiki hizo hizo potasiamu yake ilipanda. Katika jalada lake pakaandikwa kwamba mgonjwa hafuati masharti ya chakula. Nilipofika nyumbani nikakuta maganda ya ndizi yamefukiwa chini ya pipa la taka. Nilimsemesha kwa ukali ambao sijawahi kumsemesha mwanafunzi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hiki ndicho kinachokaa tumboni. Vingine vyote narudisha." Nilichukulia maneno hayo kuwa kisingizio.

Aliyetuokoa ni daktari kijana, ambaye alikuwa na tabia ya kuuliza. Aliuliza kwanza ni kipimo gani kilichotumika. Akatueleza kwamba kile cha damu hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini kwa miezi, hata miaka, baada ya bakteria kufa; hivyo hakiwezi kukuambia kama tiba imefanikiwa. Aliagiza kipimo cha choo, tena baada ya kuacha omeprazoli kwa wiki mbili, kwa kuwa dawa hiyo huweza kumficha bakteria hata pale alipo. Kisha akauliza mzee anameza nini kingine. Baba mdogo akatoa mfukoni vidonge vyeupe vya kutafuna, alivyonunua duka la dawa kwa ajili ya kiungulia. Vilikuwa na magnesiamu na aluminiamu, madini ambayo figo zilizokufa haziwezi kuyatoa. Muda wote huo hakuna aliyemuuliza, nami nikiwemo.

Swali la mwisho aliniuliza mimi: "Anasafishwa mara ngapi kwa wiki?"

Nikasema mara mbili.

Kawaida ni mara tatu, takriban saa nne kila mara. Baba mdogo hana bima, na fedha zilipopungua, kikao cha ukoo kilikubaliana tupunguze siku moja. Mimi ndiye niliyetoa hoja hiyo, na niliitoa kwa ufasaha. Daktari hakunilaumu. Alisema tu kwamba sumu zikikaa siku nyingi katika damu huleta kichefuchefu na ladha ya chuma, na kwamba potasiamu nayo hukusanyika kwa njia hiyo hiyo, ndizi ziwepo au zisiwepo.

Jibu la kipimo cha choo lilikuja: hakuna bakteria. Mzee alikuwa amemaliza dozi yake.

Nimelitafakari sana jalada lile. Lilikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mgonjwa ni mkaidi, lakini halikuwa na nafasi ya kuandika kwamba amepunguziwa tiba kwa kukosa fedha. Wenzangu mlioko katika utumishi wa umma, mnaotayarisha fomu na taarifa, mnanielewa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mijadala ya vifurushi vyake huanza na bei. Ningependa siku moja uanzie kwa mtu anayesafishwa mara mbili kwa wiki na kuitwa mkaidi.

Niliuza kiwanja nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya kujenga. Fedha hizo zitarudisha siku ya tatu kwa muda. Baada ya hapo sijui. Mtaalamu wa lishe alimfundisha mke wangu kumenya ndizi, kuzikata vipande vidogo, kuzichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga. Njia hiyo hupunguza potasiamu, haiimalizi, kwa hiyo mzee anapata kipimo kidogo, tena si kila siku, bila maharage. Mara ya kwanza alikula polepole, akasema hazina chumvi, akamaliza sahani, na hakutapika.

Sijamwomba radhi kwa siku ile ya maganda. Nimejaribu mara mbili. Kila ninapoanza, ananiuliza habari za chuo.