Risasi Tunazozijaza Nyumbani



Ndugu wasomaji, aghalabu tukikutana na jamaa hapa Columbus, Ohio, huulizwa kwa sauti ya chini: je, ni kweli kwamba nyumbani kwenu hutengenezwa risasi? Tumeona heri tulijibu kwa kalamu, kwani jambo linonong'onwalo huzaa dhana mbaya.

Naam, ni kweli. Nyumba yetu ni ya mume, mke na watoto watatu, na kila mwaka hula nyama ya kulungu tuliyemwinda wenyewe kwa leseni. Msimu wa bunduki hapa Ohio hufunguliwa Jumatatu inayofuata sikukuu ya Thanksgiving. Tangu mwaka 2014 jimbo limeruhusu bunduki ambazo ganda la risasi yake limenyooka bila shingo. Yetu ni ya .45-70, aina iliyoingizwa katika jeshi la Marekani mwaka 1873. Risasi zake dukani ni ghali, na katika miaka ya 2020 na 2021 hata mwenye fedha alizikosa. Hapo ndipo tulipojifunza kuzijaza.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni, baruti, na kichwa kinachoruka. Bunduki inapolia, vitatu hutumika na ganda hubaki, nalo hufaa kutumika tena mara kadhaa. Ganda hilo tunalisafisha, tunalikagua kama lina ufa, kisha tunalipitisha katika kalibu kwa mashine ya mkono ili lirudie kipimo chake. Fataki iliyokwisha hutolewa, mpya hutiwa, baruti hupimwa katika mizani, na mwisho kichwa hukalishwa. Baruti hupimwa kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000. Basi mtu na aone udogo wa kipimo hicho. Hatukisii. Tunafuata kitabu cha mwenye kiwanda cha baruti, neno kwa neno.

Hatari kubwa ni ganda moja kutiwa baruti mara mbili, kwani huweza kupasua bunduki usoni pa mpigaji. Kwa hiyo mmoja wetu hutia, na mwingine humulika kila ganda kwa tochi kabla halijafungwa. Wakati huo simu huzimwa na maneno hukatazwa. Kila sanduku huandikwa tarehe, aina ya baruti na kipimo chake, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Baruti hubaki katika chombo chake cha asili, ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na moto na mbali na watoto.

Kuna jambo jingine linalowagusa watoto zaidi kuliko mlipuko. Lugha yetu imeipa jina moja madini ya risasi na risasi ya bunduki, na madini hayo ni sumu, hasa kwa akili ya mtoto. Mwaka 2008 wakuu wa afya wa North Dakota walishauri itupwe nyama ya kulungu iliyotolewa sadaka kwa maskini, baada ya vipande vidogo vya madini hayo kuonekana ndani yake kwa eksirei. Sisi sasa tunatumia vichwa vya shaba tupu, na hili ndilo tunaloliona kuwa faida kuu ya kujaza wenyewe: tunajua tumetia nini. Hata hivyo, vumbi la fataki nalo aghalabu lina madini hayo. Meza yetu haiko jikoni, chakula hakiliwi juu yake, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto.

Kuhusu uhalali wa mnyama, wanazuoni wamehitilafiana juu ya aliyeuawa kwa risasi, na kila mtu amuulize shekhe wake. Sisi hupiga kwa Bismillahi na hukimbia na kisu. Tukimkuta hai, tunamchinja.

Sasa tuje kwenye mnong'ono. Mwaka mmoja mtoto wetu alisema darasani kwamba baba yake ana baruti. Tuliitwa shuleni siku ile ile, na maswali tuliyoulizwa hayakuwa yale anayoulizwa jirani yetu mwindaji, ambaye watoto wake husema hayo hayo na watu wakacheka. Iliuma. Tulionyesha leseni ya kuwinda, tukaeleza kazi yenyewe, tukarudi nyumbani. Mtoto hatukumfunza kuficha, kwa kuwa mtoto afichaye halali atakuja kuficha haramu. Tulimfunza kusema habari kamili: sisi ni wawindaji, na nyama yetu hutoka msituni.

Kwa sababu hiyo hiyo tumewakatalia ndugu waliotaka tuwajazie kwa malipo. Sheria ya Marekani humruhusu mtu kujaza kwa matumizi yake bila leseni maalumu, lakini biashara yahitaji leseni ya serikali kuu. Tena, kwa sheria hiyo, ganda tupu, fataki na baruti huhesabiwa risasi. Aliye hapa kwa viza ya muda na amwone mwanasheria kabla hajavigusa, kwani kwa wengi wao ni marufuku. Nanyi mlioko Uingereza, cheti chenu cha bunduki huandikwa hata idadi ya risasi mnazoruhusiwa kuwa nazo.

Atakaye kuona, mlango wetu u wazi. Aje mchana, na aulize kwa sauti kubwa.

Wabillahi tawfiq.