Karatasi ya maulizo ndani ya lubunga

Katika miaka mitatu ya kwanza ya sosiolojia tulifundishwa Durkheim, Mfaransa aliyeandika mwaka 1895 kwamba mambo ya jamii yanamlazimisha mtu kutoka nje. Siye Babembe wa Kilembwe tulijua hayo lubungani, mahali ambapo wanaume wanakula pamoja na kukata maneno. Nilipopeleka karatasi yangu ya maulizo kwa kazi ya mwisho, mzee mmoja aliikataa: «Mutoto wangu, hii maneno haiko ya mutu mumoja. Ita wengine.» Na karatasi ilikuwa na nafasi ya jibu moja tu! Wakaja sita, wakabishana mpaka jioni. Niliandika mabishano yenyewe. Vita ya 1996 ilitawanya watu wengi wa Fizi. Kati ya wale sita wamebaki wawili, na daftari langu halijapigwa chapa.