Kitabu Nilichokikuta Mezani

Kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wazazi wanaoamini kuwa mtu mzima anayesoma hadithi za vijana anapoteza wakati wake. Hata mwanangu nilipomkuta na kitabu cha hadithi, neno langu lilikuwa moja: "Weka hicho, shika cha hesabu."

Usiku mmoja, baada ya Isha, nilikuta mezani kitabu chake cha kidato cha tatu, Watoto wa Maman'tilie cha Emmanuel Mbogo, riwaya ambayo vijana wengi wa sekondari nchini wameisoma. Nilikichukua kwa nia ya kukikagua tu, nijue wanasomeshwa nini. Kurasa za kwanza nilizisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaketi. Nilipokifunga, nyumba nzima ilikuwa imelala.

Humo mna Peter na Zita, watoto wa mama muuza chakula, wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Nilidhani ningesimama upande wa mama yao, kwa kuwa shida zake nazijua. Kumbe nilijikuta upande wa watoto, pale ambapo kila jambo huamuliwa na wakubwa, nawe huna la kufanya ila kungoja. Mahali hapo niliwahi kuishi, nilikuwa nimepasahau.

Asubuhi nilimtazama mwanangu akijiandaa. Soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imeachia, naye ameifunga kwa uzi mweusi ili isionekane.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya Ramadhani, mama. Nilijua utasema tusubiri mwisho wa mwezi."

Sikuwa na jibu, maana ndivyo ningesema. Na wiki zote hizo nilikuwa nikimkaripia kwa kuchelewa shule na kujikokota njiani. Siku ile nilikopa kwa jirani, tukaenda kununua viatu. Njiani nilimwomba radhi. Aliinamisha kichwa, asijue la kusema, kwani hakuzoea kuombwa radhi na mimi.

Tangu hapo, vitabu vyake navisoma. Wapo wanaonicheka, wakiniuliza nimekuwa mtoto tena. Huwakumbusha kwamba Surat Yusuf huanza na mtoto anayemsimulia baba yake ndoto, naye baba akamsikiliza. Na kwamba katika Surat al-Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa, mna kisa cha vijana waliokimbilia pangoni. Visa hivyo hatukuambiwa tuwaachie watoto.

Mzazi mwenzangu, sikushauri uache kazi zako ukae na riwaya. Ila kitabu cha mwanao kikilala mezani, kifungue. Huenda ukakuta humo jambo ambalo yeye mwenyewe ameshindwa kukuambia.