Qurtuba na Gharnata kwa Treni

Wengi wetu tuliopita madrasa za Pwani tulilisikia jina la Qurtuba kabla ya kujua liko upande gani wa dunia. Tulilisikia katika jina la Imamu Al-Qurtubi, mwenye tafsiri kubwa ya Qur'ani ambayo masheikh wetu waliirejea kila mas-ala ya hukumu yalipowatatiza. Nisba hiyo maana yake ni mtu wa Qurtuba, mji ambao Wahispania huuita Córdoba. Mwenyezi Mungu alitujaalia kuufikia tukiwa wageni wa sahibu yetu wa tangu chuoni, ambaye siku hizi anaishi Madrid na mkewe na watoto wao wawili.

Jumamosi, baada ya swala ya Alfajiri, tulipanda sote treni ya kasi. Reli ya Madrid hadi Sevilla ilifunguliwa mwaka 1992, na urefu wake ni kilomita zipatazo 470, takriban sawa na reli yetu mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Córdoba iko katika njia hiyo, na tulifika kwa muda usiotimia saa mbili. Hata hivyo, hukumu ya msafiri haitazami wepesi wa chombo bali hutazama masafa. Basi tulipunguza swala na kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, kama walivyofanya waliosafiri kwa ngamia.

Msikiti Mkuu wa Qurtuba ulianzwa katika miaka ya 780 na Abdur-Rahman wa Kwanza, mwana wa Bani Umayya aliyekimbia Sham baada ya ukoo wake kupinduliwa. Ndani mna nguzo zaidi ya 800, nyingi zikiwa zimetolewa katika majengo ya kale ya Warumi, na juu yake yamepandana matao mawili mawili yenye rangi nyekundu na nyeupe. Mji ulipotekwa na Mfalme Fernando wa Tatu mwaka 1236, msikiti ulifanywa kanisa. Kuanzia mwaka 1523 likajengwa kanisa kuu katikati ya safu za nguzo. Mihrabu ya Al-Hakam wa Pili, ya karne ya 10, ingalipo. Aya zimeizunguka kwa vijiwe vya dhahabu, na mbele yake pana uzio.

Mwana mkubwa wa sahibu yetu, mwenye miaka 12, alitushika mkono akatuuliza kwa Kiswahili cha kusitasita: "Ami, mbona hatuswali hapa?" Tulimjibu kwamba leo hii ni nyumba ya ibada ya watu wengine, nao hawaruhusu, na mgeni hufuata ada ya mwenye nyumba. Ardhi yote tumefanyiwa msikiti. Tukatoka tukaswali ukingoni mwa mto Guadalquivir, ambao jina lake hadi leo ni Kiarabu, Al-Wadi Al-Kabir, yaani bonde kubwa.

Hapo mtoni ndipo sahibu yetu alipotufungulia moyo. Alisema kuwa anapoziona nguzo zile, huwaza watoto wake. Kama mji uliojaa wanavyuoni uliweza kunyamaza, atawezaje yeye, mtu mmoja mwenye kazi ya zamu za usiku, kuwahifadhia wanawe dini yao na lugha ya bibi yao?

Hatukuwa na la kumpa ila kisa cha mwenye mji. Imamu Al-Qurtubi alikuwa angali mwanafunzi pale adui alipowavamia watu wa Qurtuba asubuhi ya mwezi wa Ramadhani, mwaka 627 Hijria (1230), wakiwa katika viwanja vya kupuria nafaka. Baba yake aliuawa siku hiyo. Haukupita muda mrefu, mji wenyewe ukaanguka. Aliondoka, akaishia Misri, na huko akafariki mwaka 671 Hijria (1273). Hakuondoka na nguzo hata moja. Aliondoka na elimu, na elimu hiyo ndiyo iliyofika mpaka katika rafu za misikiti yetu.

Jumapili tulichukua treni nyingine hadi Granada, ndiyo Gharnata, tukipita vilima vilivyofunikwa na mizeituni. Gharnata ulikuwa mji wa mwisho wa Waislamu wa Andalusi, nao ulikabidhiwa mwaka 1492. Katika kuta za kasri la Alhambra maneno yasemayo kwamba hakuna mshindi ila Allah yamekaririwa kila upande. Mkabala na kasri, juu ya kilima cha Albaicín, upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003. Ni mdogo, wala hauna nguzo 800, lakini mna safu za watu. Tuliswali humo bega kwa bega na Wahispania na Wamoroko.

Katika treni ya kurudi Madrid, sahibu yetu alifungua Sura ya Aal Imran, Aya ya 169, inayowataja waliouawa katika njia ya Allah. Chini ya Aya hizo ndipo Imamu alipoandika habari ya baba yake. Alikuwa na swali moja: huyu aoshwe, au azikwe kama shahidi wa vitani? Aliwauliza wanavyuoni watatu, na majibu yao yakatofautiana.

"Basi alimwosha?" akauliza kijana.

"Alimwosha, akamkafini, akamswalia," baba yake akajibu. "Baadaye alizidi kusoma, akaandika kwamba lau angalijua mapema, angalimzika na damu yake katika nguo zake."

Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akasogea karibu na baba yake. "Soma tena, Baba. Polepole."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu, walioko nyumbani na walioko ughaibuni, wapate mzazi wa kuwasomea. Amin.